Maswali yenu kuhusu riwaya za taharuki, kiwewe na mapenzi ya mateso

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia aina moja ya vitabu: riwaya za vijana zenye taharuki ya kisaikolojia, ambamo msichana au mvulana amebeba jambo zito asiloweza kulitamka, au amenaswa katika mapenzi yanayommaliza polepole. Nimezifupisha barua, na majina nimeyaacha.

Habari za kazi, dada. Binti yangu ana miaka 15. Nimemkuta na kitabu cha Kiingereza kiitwacho Speak, kinachohusu mwanafunzi aliyebakwa. Nimekifungia kabatini. Nimefanya vyema? – Mama, Morogoro

Nzuri, dada yangu. Fungua kabati, lakini kisome wewe kwanza.

Kitabu hicho ni cha Laurie Halse Anderson, kilitoka Marekani mwaka 1999. Melinda anaanza sekondari akiwa hana rafiki hata mmoja, kwa sababu usiku wa sherehe moja alipiga simu polisi na wenzake wakatawanywa. Hakuna anayejua kwa nini alipiga. Ubakaji wenyewe hausimuliwi kwa kumtamanisha msomaji. Kinachosimuliwa kwa kirefu ni ukimya uliofuata: midomo anayoing'ata mpaka inachubuka, vipindi anavyovikwepa, wazazi wanaoziona alama zikishuka lakini mtoto hawamwoni. Miaka 20 baadaye mwandishi alichapisha kitabu cha mashairi akieleza kwamba naye alibakwa akiwa na miaka 13. Alikuwa anaandika jambo alilolijua.

Ukimaliza mrudishie, mwambie umekisoma, na usimhoji. Muulize tu: kwa maoni yake, nani alipaswa kugundua mapema kwamba Melinda ana shida? Binti akishajua mama yake anaweza kusikia habari za kubakwa bila kufoka, siku akipatwa na jambo atajua pa kwenda.

Ningekuwa mwangalifu zaidi na Thirteen Reasons Why ya Jay Asher, ya mwaka 2007, na hasa tamthilia yake ya Netflix iliyoanza mwaka 2017. Tukio la kujiua lilionyeshwa kwa kirefu mno hata mwaka 2019 Netflix wenyewe wakalikata. Lakini tatizo langu ni kubwa kuliko tukio hilo moja. Msichana anakufa, anaacha kanda za sauti yake, na kila aliyemuumiza analazimika kumsikiliza. Kijana aliyeelemewa anaweza kuondoka na wazo kwamba akifa ndipo atakaposikika. Tamthilia hiyo akitaka kuiona, kaa naye.

Nimesoma riwaya tatu za namna hii na zote zimenikera. Msichana anapigwa, anatukanwa, bado anarudi. Kwa nini haondoki tu? – Msomaji wa kiume, Kisumu

Ndugu yangu, hasira yako naielewa, ila nadhani umeielekeza kwa mtu siye. Kabla ya kuuliza kwa nini haondoki, rudi ukurasa wa kwanza uangalie aliingiaje.

Hakuna anayempenda mtu siku anayopigwa. Anampenda siku anayosindikizwa nyumbani, anayopigiwa simu usiku kuulizwa kama amekula. Kisha linakuja ombi dogo: yule rafiki yako simpendi, punguza kukaa naye. Linafuata jingine: nipe namba ya siri ya simu yako, kama huna cha kuficha. Kila ombi, likitazamwa peke yake, linafanana na mapenzi. Mpaka kofi la kwanza linapotua, marafiki wameshaondoka, ndugu wameshagombanishwa naye, na aliyepiga ndiye pekee aliyebaki wa kumfuta machozi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, aliandika juu ya mzunguko alioukuta kwa wanawake wengi waliopigwa: mvutano unapanda, kipigo kinatokea, halafu msamaha na zawadi, na upya tena. Si kila uhusiano unafuata hatua hizo, lakini ule utamu unaokuja baada ya kipigo ndio unaofunga watu. Mtu anabaki akimsubiri yule mwema arudi, kwa kuwa alikwishamwona kwa macho yake.

Kuna jingine ambalo waandishi wa taharuki wanalijua na sisi wasomaji tunalisahau. Wakati wa kuondoka, na majuma yanayofuata, ndio wakati wa hatari kubwa kuliko yote. Aliyezoea kutawala anapoona mamlaka yake yanamponyoka, huwa mkali zaidi. Msichana wa riwaya anayesitasita mlangoni huenda anapima hatari hiyo vizuri kuliko wewe na mimi.

Sheria nazo zimeanza kuyaona haya. Uingereza na Wales tangu mwaka 2015 zinahesabu kuwa kosa la jinai kumdhibiti mwenza kwa vitisho na kumtenga na watu wake, hata kama hajaguswa kwa mkono.

Tafuta Breathing Underwater ya Alex Flinn, ya mwaka 2001. Humo anayesimulia ni mvulana mpigaji. Nick ana miaka 16, hakimu wa Miami amemwamuru ahudhurie darasa la wenye makosa kama yake na aandike maneno 500 kila juma kueleza yaliyotokea. Mwanzoni anajitetea, na sisi tunakaribia kumwamini. Baba yake naye anampiga, na kitabu hakifichi hilo, lakini hakikubali liwe kisingizio. Ukikimaliza, swali lako litakuwa limehamia kwake.

Kwa nini wasimulizi wa riwaya hizi wanadanganya au wamesahau kila kitu? Nahisi mwandishi ananichezea. – Mwalimu, Iringa

Wakati mwingine anakuchezea kweli, mwalimu. Aliyepatwa na kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha, mara nyingi hukumbuka vipande: harufu, rangi ya pazia, sauti ya funguo, na asiweze kuvipanga. Mwandishi anayeufuata ukweli huo ana sababu ya kutuvurugia mfuatano wa matukio. Ila kusahau tukio zima, kama kwamba halikuwahi kuwapo, ni jambo ambalo wataalamu wamebishana juu yake kwa miongo, na vitabu vinalitumia kwa wingi usio na uwiano na maisha.

Mimi hupima hivi. Nikishaijua siri, narudi sura ya kwanza. Kama uongo wa msimulizi sasa unanionyesha alichokuwa anakiogopa, kitabu kimestahili. We Were Liars ya E. Lockhart, ya mwaka 2014, inaupita mtihani huo: Cadence anaumwa kichwa, anarudi kisiwani kwa ukoo wake wa kitajiri, na kila mtu amekatazwa kumwambia kilichotokea. Sitasema zaidi. Wewe irudie ukimaliza, uone ukoo mzima ulivyoshirikiana kunyamaza.

Je, wavulana hawaumizwi? – Kidato cha nne, Tanga

Wanaumizwa, mdogo wangu. Wanapigwa na wapenzi wao, wanatishiwa, na wanachafuliwa na watu wazima waliokabidhiwa kuwalea. Vitabu vinavyowahusu ni vichache kuliko inavyotakiwa, na hilo ni pengo linalowaumiza mara ya pili. Kama yamekupata wewe, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Mbona kwa Kiswahili hatuna vitabu vya namna hii? – Mwanachuo, Mwanza

Riwaya za upelelezi tunazo tele. Zile za taharuki inayotokea ndani ya kichwa cha kijana ni chache, lakini msingi upo, na upo ng'ambo ya maji kutoka hapo ulipo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikakatazwa shuleni. Waliokataza waliona ngono. Mimi naona utafiti makini wa hofu. Zakaria, baba mlevi, anamlinda binti yake kwa kipigo, na Rosa anakua bila kupata nafasi ya kujifunza kupima nani wa kumwamini. Akitoka nje ya macho ya baba, hana kinga. Said Ahmed Mohamed naye katika Utengano, ya mwaka 1980, anamfuata Maimuna aliyefungiwa ndani na baba mwenye heshima mbele za watu. Hakuna muuaji wa kutafutwa katika vitabu hivyo viwili, lakini ile ngazi ya kushuka kidogo kidogo imo yote.

Naandika riwaya ya msichana anayenyanyaswa na mchumba wake. Nitaandikaje kipigo bila kukifanya burudani? – Mwandishi chipukizi, Mombasa

Kiandike kifupi, kisha uandike kwa kirefu saa moja inayofuata. Nani anaokota vyombo? Anatoa sababu gani kwa jirani? Kesho yake anavaa nini? Usimweleze mwili wake kwa macho ya anayempiga.

Kisha fikiri juu ya mwisho. Hapa ndipo riwaya nyingi za aina hii zinaponikatisha tamaa: siri inafichuka, mwovu anaanguka, kitabu kinafungwa, msichana anaachwa amesimama pale. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu kiwewe, alipanga kupona kwa hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Taharuki inapenda hatua ya pili tu, kwa kuwa ndiyo yenye mshindo. Mpe msichana wako walau sura mbili za baada. Apange chumba, agombane na mama yake, acheke kwa jambo lisilohusiana na yule mchumba kabisa.

Shikamoo dada. Nina miaka 19. Nimesoma riwaya ya mapenzi ya mateso nikajiona mimi. Mpenzi wangu ana namba yangu ya siri, anataka nimtumie picha kila nikiwa nje, na mara moja alinikaba, kisha akalia akaniomba msamaha. Nampenda. Je, nimezidisha kwa sababu ya kitabu? – Dodoma

Marahaba, mdogo wangu. Hujazidisha. Kitabu kimekupa ujasiri wa kuniandikia, lakini haya yalikuwapo kabla hujakifungua.

Kukabwa nakuomba ulichukue kwa uzito wa pekee. Aliyewahi kukukaba shingo ana hatari kubwa zaidi ya kukuua baadaye, hata kama alilia. Kama tangu siku hiyo sauti imebadilika, unameza kwa shida au kichwa kinauma, nenda hospitali, hata kama shingoni hakuna alama.

Usimtangazie kwamba unaondoka, na usiende kuagana naye faraghani. Mwambie kwanza mtu mmoja mzima unayemwamini: dada, shangazi, mlezi wa chuo. Nguo chache, kitambulisho, vyeti na nauli vihamishie kwake taratibu. Kwa kuwa simu yako anaisoma, tumia ya mtu mwingine, na barua hii ifute ulikoiandikia. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na huyo mtu wako, ueleze habari ya kukabwa kwanza kabla ya yote.

Kumpenda si kosa lako, na huhitaji kuacha kumpenda ndipo uondoke. Ondoka kwanza. Ukishafika kwa huyo mtu wako, niandikie kwa simu yake.