Usingoje Homa Baada ya Kupandikizwa Uloto

Mdogo wangu alipandikizwa uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, Dodoma kwa ajili ya selimundu. Kule walikuwepo manesi wa kumwangalia usiku na mchana. Tuliporudi Moshi, kazi ikawa yangu.

Kilichomsumbua daktari wake zaidi ni CMV. Watu wazima wengi tunacho kirusi hiki, kimelala tu mwilini. Kinga ikishushwa kwa dawa kinaamka, na kinaweza kushika mapafu, utumbo, hata macho. Ubaya wake, huanza kuongezeka kwenye damu mtu akiwa bado anakula mtori wake na kucheka. Ndiyo maana hupimwa kila wiki, angalau hadi siku ya 100 tangu kupandikizwa, na zaidi ya hapo kama bado anameza dawa za kushusha kinga.

Wiki ya kwanza nilichemsha. Niliomba tu "kipimo cha CMV" kwenye maabara moja. Jibu: IgG chanya. Sikulala. Asubuhi daktari akaniambia kwenye simu, "Dada, hiyo inasema alishawahi kukutana nacho, na hilo tulilijua kabla hatujampandikiza. Mimi nataka kujua leo viko vingapi."

Kwa hiyo hakikisha fomu imeandikwa: wingi wa virusi vya CMV, kwa PCR, kipimo kinachohesabu virusi vyenyewe kwenye damu. Na ujiandae, ukitamka "wingi wa virusi" mapokezi, watakuelekeza CTC, kliniki ya wenye VVU, maana huko ndiko neno hilo limezoeleka.

Ukishapata maabara inayokipima, ng'ang'ania hiyo hiyo. Wengine hupima damu nzima, wengine plazima, na namba zao huwezi kuzilinganisha. Mimi nina daftari: tarehe, siku ya ngapi, namba ya virusi, chembe nyeupe za damu.

Wiki ya tatu akagoma. "Mbona siumwi?" Pia alikuwa anameza asikloviri, akadhani inatosha. Ile ni ya kuzuia mkanda wa jeshi; CMV haiiwezi. Nikamburuta hivyo hivyo, mvua inanyesha. Homa hakuna, kikohozi hakuna, lakini namba ilikuwa mara tatu ya wiki iliyotangulia. Akaanzishiwa valgansikloviri, na hapo safu ya chembe nyeupe ikawa na kazi, maana dawa hiyo huzishusha.

Mkojo nao uangalie. Ukiwa mwekundu piga simu siku hiyo hiyo. Kuna kirusi kiitwacho BK, hushambulia kibofu.

Siku hizi nikilitoa tu lile daftari, anakunja mkono wa shati.