Kaburi lililoniachia mahali pa kukaa

Swali lenu la wiki hii liliuliza ni kitu gani katika sura na mpangilio wa makaburi kinachomgusa mtu, na ni makaburi yapi yaliyowahi kutugusa sisi wasomaji. Nililisoma siku nne baada ya kurudi kutoka Marangu, tulikokwenda kulijengea kaburi la baba, kwa hiyo jibu lilikuwa bado na vumbi la saruji mikononi mwangu. Kinachonigusa mimi ni nafasi. Nikifika kaburini natazama kama aliyelijenga alimfikiria na yule atakayekuja: atasimama wapi, atakaa wapi, macho yake yatatua juu ya nini.

Kwetu Uchagani maiti haipelekwi mbali. Mtu anazikwa kihambani, kati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka mlangoni. Kaburi la babu lilikuwa tuta la udongo lililozungushiwa mawe ya mtoni na masale, ile mimea yetu ya majani marefu. Mchagga yeyote anajua sale si pambo: ndilo linaloonyesha mpaka, na ndilo jani analolishika mtu anapokwenda kuomba msamaha. Upande wa kichwani palikuwa na jiwe bapa, na jiwe hilo lilikuwa la bibi. Alasiri alikaa pale na ungo mapajani, akipukuchua maharage na kumpa babu habari za siku. Ng'ombe amezaa. Mvua za vuli zimechelewa. Fulani wa ng'ambo ya mto amekuja kuposa. Sisi watoto tulicheza papo hapo. Tulichokatazwa ni kukanyaga tuta tu. Sikujua kwamba watu huogopa makaburi mpaka nilipohamia Dar es Salaam.

Shangazi yangu amelala katika makaburi ya zamani ya hapa mjini. Kumfikia unapita ubavu ubavu, unaruka kingo, unawaomba radhi watu usiowafahamu kwa sababu umewakanyaga. Msalaba wake wa kwanza uliibwa na wauza vyuma chakavu, ndipo familia ikaamua kulizungushia kaburi nondo na kufuli. Siku moja, katika kumbukumbu ya kifo chake, nilikwenda peke yangu na maua. Ufunguo ulikuwa kwa mjomba, Mbezi. Nikasimama nje nimeshika nondo kwa mikono miwili, kama mtu aliyekwenda kumwona mfungwa, nikayapenyeza maua yakaangukia pembeni nisipoweza kuyafikia. Nililia, lakini kilichoniliza ni zile nondo. Siwalaumu waliozifunga, maana wizi ule ni wa kweli na unauma. Nasema tu kwamba tulimlinda shangazi hadi tukajifungia nje sisi wenyewe.

Makaburi yaliyonifundisha kuyatazama mambo haya ni ya Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo. Pana magofu ya misikiti miwili, mkubwa wa umri ni wa karne ya 13, na makaburi 22 ya mawe. Nilikwenda mara ya kwanza na wanafunzi wangu, na nikadhani nitaona mawe yaliyobomoka tu. Waliyajenga kwa matumbawe na chokaa. Tumbawe likitoka baharini bado bichi ni laini, linachongeka. Likikaa juani linakuwa gumu. Kwa hiyo zile fremu na mistari iliyonyooka pembezoni mwa makaburi ilichongwa na mtu aliyekuwa anashindana na jua. Nilipolielewa hilo niliupitisha mkono juu ya mstari mmoja taratibu sana, na mwili ukanisisimka.

Halafu kuna zile nguzo. Ukutani mwa kaburi inanyanyuka nguzo ya mawe ndefu kuliko mtu, na makaburi ya namna hii ni ya pwani yetu hii ya Waswahili, kuanzia Somalia, Malindi na Mnarani hadi Kunduchi. Mbele ya kaburi la kawaida mtu huinamisha kichwa. Hapa nguzo inakulazimisha ukiinue. Shingo inapinda nyuma, kifua kinafunguka, na bila kukusudia unavuta pumzi. Wanafunzi wangu waliokuwa wanapiga kelele walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Ukiinua macho hivyo unaona mashimo ya duara. Humo ndimo yalimokuwa mabakuli ya kauri kutoka China, yamegandishwa katika chokaa uso wake ukitazama nje. Fikiria bakuli lililovuka bahari nzima, ambalo ungeweza kulipakulia wageni wako wali siku ya sikukuu, wewe ukampa maiti wako, ukaliweka juu jua likipige na mpita njia alione akiwa mbali. Leo mengi hayapo, yamebaki matundu yake. Yangebaki mabakuli yenyewe nadhani ningeyasifu uzuri nikaenda zangu. Yale matundu yalinishika kwa sababu ni nafasi ya kitu alichopendwa nacho mtu, na nafasi hiyo bado ina umbo lile lile. Kuna mibuyu, kuna upepo, na bahari iliyokuwa karibu imefichwa na mikoko, unaisikia kuliko kuiona. Niliketi ukingoni mwa njia mpaka dereva akaja kuniita mara mbili.

Msomaji mwingine huenda ataandika kuhusu makaburi ya vita, na mimi nayapitia kwa kifupi, maana yananigusa kwa namna inayonichanganya. Yale ya Dar es Salaam yako kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Mengi ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishiwa pale mwaka 1968 kutoka Ocean Road ili kupisha barabara. Nyasi zimekatwa, safu zimenyooka. Kanuni yake, iliyoelezwa mwaka 1918 katika ripoti ya Frederic Kenyon, mshauri wa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, ni kwamba jenerali na askari wa kawaida wapate alama sawa. Usawa huo una nguvu kubwa. Unasoma jina, unasoma linalofuata, jicho halina pa kukimbilia, na hesabu inakuelemea polepole bila jiwe lolote kupaza sauti.

Lakini mimi naishi katika jiji lenye Kariakoo, jina lililotokana na wale wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps. Walibeba risasi na unga wa jeshi hilo wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na safu zile hazina mawe yao. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Tangu niisome taarifa hiyo, nikipita pale macho yananitoka kwenye mawe yanakwenda kwenye nyasi zilizo katikati. Usawa wa mawe ulikuwa wa waliohesabiwa.

Basi narudi Marangu. Ndugu zangu walitaka kaburi la baba liwe na marumaru nyeusi, paa la bati na uzio wa vyuma wenye geti, kama la jirani. Wanampenda baba, na walikuwa wamechanga fedha nyingi. Nilikubali marumaru. Nilikubali na paa, kwa sababu mvua za Kilimanjaro hazina mchezo. Uzio niliukataa, tukabishana jioni nzima mpaka mama, ambaye alikuwa hajasema neno, akauliza, "Sasa mimi nitaingilia wapi?"

Hapo maneno yakaisha. Kaka mkubwa mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchimba masale kwenye mpaka wa shamba akayapanda pande tatu. Upande wa nne, unaotazama mlango wa jikoni, fundi alituuliza ukingo uwe na upana gani. Kaka akataja sentimita kumi na tano, ndio kawaida. Mama akamwambia asubiri, akaenda ndani akarudi na ungo, akauweka chini karibu na mguu wake, akaonyesha kwa viganja. Fundi akapima: arobaini na tano.