Kufungua (2x − 3)⁴ bila kuzidisha mabano moja moja

Uliyeuliza jinsi ya kufungua (2x − 3)⁴, achana na kuzidisha mabano mawili mawili, utapotea njiani. Chukua mstari wa kipeo cha 4 wa pembetatu ya Pascal (pembetatu ya namba ambamo kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake): 1, 4, 6, 4, 1. Kila namba inazidisha sehemu moja ya jibu. Kipeo cha 2x kinashuka kutoka 4 hadi 0, cha −3 kinapanda kutoka 0 hadi 4.

Wengi huteleza hapa: kipeo kinashika 2x nzima, si x peke yake. Kwa hiyo sehemu ya pili ni 4 × (2x)³ × (−3) = 4 × 8x³ × (−3) = −96x³, wala si −24x³. Zilizobaki ni mwendo uleule:

16x⁴ − 96x³ + 216x² − 216x + 81

Alama zinapishana kwa sababu ya ile −3. Kuhakiki, weka x = 1; pande zote mbili zinatoa 1.