Imepanda au imeshuka?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mifugo, natokea Masasi. Naandaa maelezo kuhusu watoto wa farasi wanaougua mara tu wanapozaliwa. Nimeandika: "Mwanafarasi huyu ana changamoto ya levo ya homoni." Je, niseme levo au kiwango?

JIBU: Kiwango. Levo waachie mafundi ujenzi. Mwanafarasi umepatia (wa punda ni kihongwe, ukikutana naye). Ugomvi wangu uko kwenye neno ulilolipitisha bila hata kuliuliza: changamoto.

Juzi basi lilisimama ghafla Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara. Konda akatangaza: "Abiria, kuna changamoto kidogo ya tairi." Nikashuka. Tairi la nyuma limechanika, vipande vimetapakaa barabarani, mama mmoja keshaokota kimoja anakikalia. Changamoto gani? Tairi limepasuka! La akiba je? "Nalo lina changamoto." Nikachungulia. Halikuwepo.

Mkulima wa Newala hakwambii mikorosho yake ina changamoto. Anakwambia ina ubwiriunga, na salfa anapuliza alfajiri. Akishataja ugonjwa, dawa anaijua.

Sasa mwanafarasi wako. Akiwa na maambukizi kwenye damu, mara nyingi kotisoli yake, homoni ya kuukabili msukosuko, hupanda, maana mwili unapambana. Lakini wapo ambao ubongo unatuma amri tele kwa homoni ya ACTH, na tezi zilizo jirani na figo, zinazotoa kotisoli, haziitikii. Kotisoli inabaki chini. Hao ni wagonjwa wawili tofauti, nawe umewafunika shuka moja. Andika imepanda, au andika imeshuka. Daktari anayeshika sindano hawezi kutibu changamoto.

Kichekesho chenyewe: homoni ni neno la mwaka 1905, lilitungwa Uingereza kutokana na Kigiriki, lenye maana ya kuchochea. Nayo changamoto, kabla hatujaichosha, ilikuwa jambo la kumchochea mtu ajitume. Kwa hiyo umeandika kichocheo cha kichocheo. Nimetafuta namna ya kukutetea, nimekosa.

Ingawa na mimi nisijitie usafi. Wiki iliyopita nilimpigia fundi bomba, nikamwambia nyumbani nina changamoto ya maji. Kimya kidogo, kisha akauliza: "Mzee, yanavuja au hayatoki?"