Kabla hujasaini na meneja, angalia nani anashika nyimbo zako

Jamani wiki iliyopita binti mmoja mwimbaji wa nyimbo za asili amenitumia mkataba wake wa umeneja niupitie, nimefika ukurasa wa 3 nikasimama kusoma, maana nimekuta kifungu kilekile nilichosaini mimi miaka 14 iliyopita. Kinasema meneja anachukua asilimia yake kwenye shoo, sawa, halafu chini kidogo kinasema nyimbo zote utakazotunga zitasimamiwa na kampuni fulani. Haisemi kampuni ni ya nani. Yangu ilikuwa ya meneja mwenyewe, nikaja kujua baada ya miaka 4.

Na kiukweli alikuwa meneja mzuri sana, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alitutoa kwenye kuimba bure kwenye sherehe za watu akatufikisha kulipwa kabla hatujapanda jukwaani.

Baadaye nikasoma habari za Albert Grossman, meneja wa wanamuziki wa Marekani, nikajiona humo humo. Huyu alifungua klabu ya foki, yaani nyimbo za asili za kwao, huko Chicago, Gate of Horn, mwaka 1956, halafu 1961 akawaunganisha watu watatu wasiokuwa kundi wakawa Peter, Paul and Mary, na 1962 akamchukua Bob Dylan, mtunzi na mwimbaji, akiwa kijana wa miaka 21. Mameneja wengine walikata asilimia 15, yeye alikata 25, na wasanii walikubali kwa sababu aliwapigania kwelikweli, hakutaka mtu awaambie waimbe nini, na mwimbaji wa foki aliyezoea kulipwa kiduchu akaanza kulipwa kama msanii mkubwa. Hapo sina neno, hiyo 25 aliifanyia kazi.

Sasa sikia upande wa pili. Alimpeleka Dylan kwa wachapishaji wa nyimbo, yaani kampuni inayosimamia nyimbo na kukusanya mapato yake, Witmark, huku yeye ana makubaliano yake pembeni ya kupata nusu ya fungu lao. Mwaka 1963 Peter, Paul and Mary wakarekodi Blowin' in the Wind ya Dylan ikafika namba 2 Marekani, yaani wimbo mmoja, na mtu yuleyule anakula kwa waimbaji, anakula kwa mtunzi, halafu anakula tena kwa mchapishaji. Dylan na Grossman waliachana 1970, kesi kati yao ikaja 1981, Grossman akafariki 1986 haijaisha.

Harold Leventhal naye alikuwa meneja wa foki nyakati zilezile. Aliwarudisha The Weavers, kundi la foki, jukwaani Carnegie Hall, New York, Desemba 1955 wakati walikuwa wamefungiwa milango kwa sababu ya siasa zao, akabaki meneja wa Pete Seeger, mmoja wa hao Weavers, miongo na miongo. Na Woody Guthrie, mtunzi wa foki, alivyolazwa hospitali na ugonjwa usiopona, Leventhal alikuwa mmoja wa waliosimamia mfuko ili mapato ya nyimbo zake yawafikie watoto wake. Ukinunua gitaa leo kesho likiibiwa utanunua jingine, lakini wimbo wako ndio utakaolisha watoto, na huyu mzee alilielewa hilo.

Kwa hiyo nilimwambia yule binti aandike karatasi mbili, ya umeneja peke yake, ya nyimbo peke yake, na ya nyimbo asiisaini mwaka huu kabisa. Amuulize meneja uso kwa uso, wewe una hisa kwenye hii kampuni? Akikasirika kwa swali hilo basi ameshajibu. Na zile nyimbo za mabibi ambazo sisi tunazipanga upya tu, asikubali ziandikwe kwa jina la mtu yeyote kama mtunzi, hata jina lake yeye, wajiandikishe kama waliozipanga upya tu basi. Hili watu wa asili tunalipuuza sana.

Asilimia ya shoo msibishane sana, 15 au 20 ni maongezi. Weka tu mwisho wa mkataba, miaka 2, na ukiisha uwe umeisha kweli, usijirudishe wenyewe.

Mimi kati ya nyimbo zangu 11 nimerudishiwa 7. Zile 4 bado naziimba, kila nikiziimba hela inaenda kwa mtu ambaye hatusalimiani tena.