Mbona uko Ulaya unaagiza makopa?

Mwanangu, sauti yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na kile kicheko chako nimekisikia. Umesema: "Shangazi, kila anayesafiri kuja huko unampa kazi ya kukubebea makopa, yaani muhogo mkavu, na papa na pilipili. Sie huku tunaona picha zako na koti zuri, tunajua unakula kuku kila siku. Kwani Denmark hakuna chakula?" Kisha ukauliza kama mtu anaweza kuja huku akafungua mgahawa wa urojo, ule mchuzi wetu wa embe na bajia, akatajirika. Nakujibu yote mawili, na wengine hapo Wete, Pemba, nao wasikilize, maana najua wewe umetumwa tu.

Chakula kipo, tele. Kuku ni rahisi kuliko papa. Hapa Copenhagen maduka ya Wathai na Wavietnam yana muhogo wa barafu, majimbi, bamia, ndizi mbichi na tui la kopo. Kwa njaa, toeni hofu.

Na mtu akiwa mzima, ana raha zake, makopa hata hayakumbuki. Miaka ya mwanzo mie nilikula mkate wao mweusi mzito na samaki wa siki, wala sikumuagizia mtu kitu. Makopa nimeyaanza mwaka 2020.

Mnakumbuka bibi yenu, mama yangu, alifariki Ramadhani ya mwaka ule. Kwa ajili ya korona, Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria kutoka nje tangu Aprili, zikafunguliwa tena Mei, na wakati huo yeye keshazikwa zamani. Alizikwa siku ile ile, kama ilivyo ada, na mie jeneza nikaliona kwenye simu. Huku misikiti imefungwa, na serikali imepiga marufuku watu zaidi ya 10 kukusanyika. Kwetu msiba ukiingia, jiko la mfiwa haliwashwi. Majirani ndio wanaoleta masinia, na hawasubiri kuombwa. Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa Jaafar, binamu yake aliyeuawa vitani, wapikiwe kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Mie limenifika, na jiko likawa langu vile vile. Baridi mnayoniulizia kila siku mtu huizoea. Kujipikia mwenyewe kwenye msiba wako, hilo sijalizoea.

Kabatini mlikuwa na mfuko wa makopa. Mtu kaniletea zawadi, nikaushukuru mdomoni nikautia nyuma ya mchele. Usiku ule nikayaroweka. Kesho yake, na saumu ya huku mwezi ule inapita saa 17, nikayachemsha na choroko. Mnayajua makopa yalivyo, hayana haraka na mtu: unatia maji yanakauka, unatia tena, unabonyeza bado gumu. Mbuzi ya kukunia nazi sina wala kifumbu cha kuchujia sina. Lakini kopo la tui likikaa bila kutikiswa linajitenga lenyewe, basi lile zito la juu nikalichota likawa kasimile, la chini likawa la kupikia. Magharibi ikaingia saa tatu za usiku. Nikafuturu peke yangu, nikala, nikalia, nikaongeza sahani. Tangu nipigiwe simu ile, hiyo ndiyo siku ya kwanza kushiba.

Sasa la ajabu ni kwamba bibi yenu mwenyewe makopa alikuwa hayataki. Yeye alikuwa msichana mwaka 1971, wakati chakula cha kutoka nje kilipozuiliwa na mchele ukawa wa foleni na wa kupimiwa. Pemba watu waliishi kwa muhogo, na wengine hata muhogo waliutafuta. Akitupikia sie makopa, yeye hukaa pembeni na chai yake na kipande cha mkate. Tukimwita anasema, "Nimeshayala ya umri wangu wote." Kwa hiyo mie nimejiliwaza kwa kitu kilichomtesa mama yangu. Nimelifikiria sana hili. Ningeweza kupika biriani, viungo ninavyo, na yeye biriani akiipenda. Lakini biriani ni ya wageni, siku yake watoto tunafukuzwa jikoni. Nilichokuwa nakitaka ni nyumba yetu siku ya Jumanne, hakuna mgeni, mlango wa uani wazi, na yeye ananigombeza kwa kuacha chicha la nazi kwenye mbuzi.

Msidhani ni sie watu wa visiwani tu. Kazi yangu mnaijua, nahudumia wazee. Msimu ule jamaa zao walikatazwa kuja kuwatazama, na bibi mmoja akawa anarudisha kila sahani. Kilichomuingia ni risengrød: mchele unapikwa kwa maziwa mpaka unakuwa uji mzito, juu unanyunyiziwa sukari na mdalasini, katikati linatiwa donge la siagi. Ni chakula chao cha Krismasi, na ule ulikuwa Mei. Wenyewe husimulia kwamba zamani, usiku wa Krismasi, bakuli moja hupelekwa darini kwa nisse, kijitu kama jini anayelinda nyumba, ukimsahau anakasirika. Nikasema moyoni, huyo akiletwa Pemba hahitaji mkalimani. Yule bibi nikawa namlisha kijiko kwa kijiko, na hakuwahi kuniambia uji ule unamkumbusha nini. Wala sikumuuliza.

Yapo na mabaya yake, msije mkasema nimewapamba. Disemba huku jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Ukitoka kazini ni kiza, nyumbani hakuna wa kumsalimia, na kaimati zinakangika upesi sana. Nimenenepa. Sukari imepanda, daktari kaniambia nipunguze vitamu na wanga. Kaimati nimepunguza. Makopa sijamtajia.

Na papa, mwanangu, papa ana kesi zake. Mara ya kwanza kumchemsha, jirani wa chini alipanda kugonga mlango kwa adabu kabisa, akauliza kama bomba la maji machafu limepasuka. Siku hizi nampika dirisha wazi, hata Januari. Sheria za Ulaya samaki zinamruhusu abiria mpaka kilo 20 za matumizi yake, kwa hiyo hapo pana nafasi kubwa kuliko begi la mtu. Samli msinifungie tena, ni kitu cha maziwa, forodhani wanaitupa na nyama pia wanaitupa. Muhogo mbichi nao hapana. Nazi ruhusa, ndizi ruhusa, na kwa sheria hata doriani ruhusa, ila nani atakaa naye kwenye ndege?

Ama huo mgahawa wa urojo, usiuze shamba. Mdenmark ataupiga picha, atauliza zile bajia ndani ya mchuzi zinafanya nini, na hatorudi. Wakaguzi watakuja wakubandikie mlangoni karatasi yao yenye sura, ukiwa msafi inacheka, ukiwa mchafu inanuna, na kila mpita njia anaiona. Hilo unaweza kulivuka. Balaa ni sie wenyewe. Wazanzibari wa mji huu tutakuja wote siku ya kwanza, tutakaa, tutaonja, kisha kila mmoja atakwambia wa mama yake ulikuwa mzito zaidi na embe ilisikika vizuri, na kesho yake tutaupika majumbani kwetu.