Boriti zimeota pamba nyeupe, fundi anasema mchwa

Shekhe, nimelisoma swali lako mara mbili. Nyumba ya urithi Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, chumba cha mama, ncha za boriti tatu zimeota kitu cheupe mfano wa pamba pale zinapoingia ukutani, dari limebonyea, na fundi anataka laki tatu apige dawa ya mchwa. Mimi si mhandisi, ila nyumba yetu ya Malindi, mtaa wa huko huko Mji Mkongwe, ilinipitisha humo humo, na pesa ya dawa ya mchwa nililipa. Mchwa hawakuwapo.

Anza na bisibisi. Ichome kwenye boriti karibu na ukuta, halafu inyanyue kama unayebandua. Mti mzima unagoma, na ukikubali unatoa kibanzi kirefu chenye sauti. Uliooza unakatika kifupi, kimya, kama boflo la juzi. Boriti yetu ya pili kutoka mlangoni iliimeza bisibisi hadi mpini, na nilipoichomoa ilitoka imelowa. Ndani mti ulikuwa rangi ya kahawa, umepasukapasuka vipande vya mraba, ukivisugua baina ya vidole vinakuwa unga. Ya jirani yake ilikuwa nyeupe, nyuzinyuzi, kama makumbi yaliyofukuliwa pwani. Zote mbili kazi ya kuvu, ukungu unaokula mti, kila moja na namna yake ya kula.

Mchwa ungeona njia zao za udongo ukutani. Wale wa mti mkavu huacha vipunje vidogo vikavu sakafuni kama mchanga. Halafu kuna chumvi, maana kuta zetu za mawe ya matumbawe huitoa nyeupe vilevile. Dondoshea tone la maji: chumvi inayeyuka, kuvu inalala tu na kunywea.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na Waingereza wanaokutisha ubomoe plasta na ukate mti karibu mita nzima kupita palipooza. Wanazungumzia kuvu yao, Serpula lacrymans, ya nchi za baridi. Joto la kwetu hailiwezi. Huku kata mpaka ufike mti unaogoma bisibisi, ongeza shibiri moja au mbili, basi.

Sasa maji, na hapa ndipo mimi nilipopoteza miaka miwili. Mti ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu kuvu haiuli, kwa hiyo boriti ikioza kuna maji yanailisha. Zamani kidogo tuliupiga ukuta wa nje plasta ya saruji, tukajiona tumeendelea. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya masika kisha ukayatoa taratibu mvua zikiisha. Saruji ikayafungia mlango maji hayo. Siku moja ya mvua kubwa nikasimama uchochoroni na mwavuli, watu wakinicheka, nikaona gata limepasuka na maji yanateremkia nyuma ya plasta. Nikaigonga kwa ufunguo: inalia tupu, kuanzia paani hadi usawa wa boriti. Kwako mimi ningekishuku kwanza choo cha ghorofa ya juu. Mwambie aliye juu asikitumie siku mbili tatu, kisha shika ukuta kwa kiganja asubuhi.

Tuliziba ufa wa gata, tukabandua saruji, tukarudisha plasta ya chokaa. Dari tulilitia gadi, nguzo za kulishikilia, kama jahazi lililopandishwa pwani, na gadi zenyewe zikakaa juu ya mbao nene ili uzito usiitoboe sakafu ya chini. Kisha tukangoja. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki. Wetu ulikula karibu mwaka, na fundi akishakuambia umekauka ongeza mwezi.

Boriti iliyooza ncha hairudi nguvu kwa dawa yoyote. Mbili tulizitoa, tukaweka mpya zilizokatwa kwa kibali. Ya tatu ilioza juujuu tu, tukaikwangua na kuipaka boraksi na asidi ya boriki, sehemu 3 kwa 2, katika maji ya moto, mara tatu, glavu mkononi na watoto mbali. Dawa hii ina sifa moja nzuri: hutembea ndani ya mti wenye unyevunyevu. Ubaya wake mvua huisomba, kwa hiyo usiipake nje. Oili chafu ya gari, ambayo kila mtu atakushauri, inabaki juu juu, inanuka chumba kizima, na moto ukiingia inausaidia. Ncha mpya tulizijengea kwa chokaa na kuziachia nafasi ya kidole pembeni zipate hewa. Fundi mwashi alinuna. Alitaka kuziba vizuri.

Kabla hujavunja hata kipande cha plasta pita Mamlaka ya Mji Mkongwe uombe kibali. Kutia gadi usingoje.

Na hilo dari kubonyea ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Ukuta unaweza kusubiri, fundi anaweza kusubiri. Kitanda cha mama kisilale chini ya boriti hizo leo, mhamishie chumba cha pili, na kabati zito lililo juu ya dari hilo, kama lipo, liondoeni kesho asubuhi. Halafu nitumie picha ya ukuta wa nje.